Sifuri Irudi Juu

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natanguliza salamu kwako, kwa Shemeji na kwa Mama yetu mzazi, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta nyote mkiwa na afya njema. Kwa upande wangu mwili hauna ugonjwa, ila haunitulii: nimeketi, nimesimama, nimefungua dirisha na kulifunga tena.

Jambo lenyewe lahusu ile chati ya kisima niliyoichorea kamati yako ya maji. Kama ujuavyo, kazi yangu hapa ofisini ni kuingiza vipimo katika kompyuta na kuvichora. Kina cha maji hupimwa kutoka uso wa ardhi kwenda chini. Namba ikikua, maji yamezama zaidi. Ndiyo maana katika chati ya kwanza, kwenye mhimili wa kusimama, niliweka sifuri juu na namba kubwa chini. Mstari ukateremka, kama maji yenyewe.

Ulinipigia simu ukicheka, ukauliza ni mstari gani huo unaoporomoka kama mlevi kwenye ngazi, na kama nataka wanakamati wamkimbie mwenyekiti wao. Ukaniagiza niugeuze mhimili, sifuri ikae chini kama katika chati za watu wengine. Nilijibu kwamba haifai. Ukasema, wewe Bwana Kanuni, kwani namba si ni zilezile? Nami, kwa kuwa mkubwa hajibiwi mara mbili, niligeuza. Mstari ukapanda. Kamati ikapiga makofi kwamba maji yanaongezeka.

Laiti mambo yangeishia kwenye makofi! Juzi Shemeji alinipigia simu akanieleza, kwa furaha tele, kwamba kwa sababu ya chati hiyo mmekubali kiwanda cha matofali kivute maji ya kisima hicho kwa bomba lake, na kwamba utatia saini leo mchana. Kisha Mama akachukua simu. Alilalamika kwamba pampu ya mkono pale kisimani siku hizi inakohoa hewa kwanza ndipo iteme maji, na kwamba alipokuambia, ulimwonyesha chati ukutani ukasema, Mama, maji yanapanda, mkono wako ndio umezeeka. Akaniuliza, mwanangu, wewe uliyechora, ni mkono wangu?

Nilimwambia simu inakatika.

Tangu hapo nimekuwa nikiifungua chati na kuipamba. Nimenenepesha mstari, nimekuza herufi, nimesogeza vijistari vya vipimo, nimebadili buluu kuwa kijani na kijani kuwa buluu. Kila kitu nilikigusa isipokuwa kile kilichopaswa kuguswa.

Sasa naomba uketi, Kaka. Asubuhi hii nimekigusa. Sifuri imerudi juu, na pembeni ya mhimili nimeandika kwa herufi nene: KINA CHA MAJI CHINI YA ARDHI. Dereva aliyekuletea barua hii alibeba nakala kwa kila mwanakamati, nami nilimwelekeza awagawie wao kwanza, wewe mwisho. Usomapo hapa, wameshaiona. Sikukuomba ruhusa, kwa kuwa ungeninyima nami ningetii.

Ukipenda kuwaambia kwamba mdogo wako ndiye aliyekosea kuchora, waambie, sitakupinga. Saini tu usiitie.

Nisalimie Shemeji na watoto. Mama naye umfikishie jibu lake: si mkono.

Ni mimi mdogo wako, mtiifu hadi jana,
Bwana Kanuni