Karibu Tena Mliyonifundisha

Baba watoto na binti yako,

Wali uko kwenye sufuria, mboga pasheni moto wenyewe. Nguo zikikauka zianueni.

Binti, jana uliniambia mteja akiaga nimwambie "Get lost", eti ndiyo karibu tena. Baba yako alikusikia, akanyamaza. Leo asubuhi yule mama mgeni alipochukua gauni nililomshonea, nikamwambia hivyo huku nacheka naye. Uso ukambadilika, akatoka bila kuaga. Nyinyi mko nyuma ya pazia, mmeshika mbavu!

Nilimkimbilia pekupeku mpaka barabarani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nani kufundisha wewe hivyo?" Ningesema nini? Mwanangu na mume wangu? Nikasema nimekosea mwenyewe. Akanieleza maana yake: potelea mbali. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akaniambia niende kwake leo, anifundishe Kiingereza yeye.

Basi nimekwenda. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi jioni, nikute vyombo vimeoshwa.

Na mkitaka kuniomba radhi, niombeni kwa Kiswahili. Kwa hicho hamtanidanganya.

Mama wa nyumba hii