Kaskazini ya Kadzo

Jumatano, baada ya Isha

Sijui nimwambie nani kwanza. Asubuhi niliwapeleka wanafunzi wangu katika ua wa msikiti wetu hapa Utange, watafute kaskazini kwa kivuli cha fimbo, maana huku kwetu kibla, upande wa Makka, ni kaskazini, kasoro kidogo mno. Kadzo, binti wa Kigiriama asiyeogopa mtu, akacheka: "Profesa, kaskazini yangu imegombana na ukuta wenu!"

Nilipima mwenyewe mara tatu. Amesema kweli: ukuta wa kibla umepotoka nyuzi kumi na moja.

Ukuta ule niliuelekeza mimi kwa dira, msikiti ulipojengwa. Leo ndipo nilipokumbuka nondo za ujenzi zilizorundikwa miguuni pangu. Chuma huvuta sindano ya dira. Jambo hilo ninalifundisha kila mwaka.

Aliyejitahidi akakosea, swala yake inasihi, inakubaliwa. Lakini aliyejua akanyamaza? Na wale wazee walioswali wakiuelekea ukuta ule hadi wakazikwa...

Wakati wa Magharibi imamu alinishika mkono. "Tangulia, Mwalimu, utuswalishe."

"Nisamehe leo, Sheikh."

"La, wallahi! Wewe ndiwe uliyetuonyesha kibla."

Nikatangulia. Nikauelekea ukuta, na safu zote zikanifuata.