Boti Iende Tupu

Jumatatu, 7 Oktoba

Tuta la kuzuia maji ya mto limepasuka. Kuach, mdogo wake mume wangu Thiik, ndiye aliyepigiwa simu. Alikuja mbio mpaka dukani kwangu Hai Jalaba, hapa Juba, ndala za miguu tofauti. Mama mkwe wangu Abul amebaki kwenye kipande cha nchi kavu huko upande wa Bor, maji kila pembe. Na Nyanut yuko naye.

Nyanut wangu, wa miaka sita! Nilimpeleka mimi mwenyewe likizo, ili bibi yake amjue. Ukoo mzima ulikuwa unanisema kwamba mtoto wa Thiik anakua Kiganda. Mimi hata si Mganda, ni Msamia wa Busia, lakini nani anasikiliza.

Boti zote za kule zimeshikwa, hakuna ya kukodi. Rafiki yetu Robinson wa mtaa wa Malakia ametuazima yake ya faiba, pamoja na trela. Kwa mto haiwezekani, injini ni ndogo na magugu yameziba njia. Basi ni barabara. Prado yangu ya duka iivute mpaka lami inapoingia majini, kutoka hapo Kuach aendeshe boti. Amevua samaki kule tangu utotoni.

Thiik ameketi kitandani na viatu vyake. Nataka kumpiga na nataka kumkumbatia.

Jumanne, 8 Oktoba

Gurei, gerejini kwa fundi Jude, Mganda halisi huyu. Alikalia bampa ya nyuma, gari ikazama, ikarukaruka, haikutulia. "Madam, springi imekufa. Shokapu nayo imekufa. Ukivuta boti na hii, mkia wa gari utalima barabara." Nikamwambia afanye chochote, afanye leo.

Akafanya. Kama mafundi wote wa Juba, ugonjwa wowote wa gari kwake dawa ni kuinua. Akatoa springi za gari kubwa zaidi, akazipachika nyuma. Prado ikasimama matako juu. Vijana wa gereji wakapiga makofi, Thiik naye akatabasamu, maana hapa gari iliyoinuka ni gari ya mtu mzito. Tukafunga trela. Pua ya boti ikatazama mbinguni, na kwenye mzunguko wa kwanza tu trela ikaanza kuyumba kulia kushoto, karibu ivute gari mtaroni.

Jude akajikuna kichwa. Akasema zote zitolewe. Siku nzima imepotea, na maji hayapotezi siku.

Jumatano, 9 Oktoba

Bado. Jude anasubiri mipira ya hewa inayotoka Kampala. Inaingia ndani ya springi, unaijaza pumzi kama tairi. Basi limekwama mpakani, Nimule.

Nimeuza sukari leo kama mashine. Mteja mmoja aliniuliza mbona nalia. Sikujua kama nalia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nyanut amepiga! Simu ya bibi yake. Ameniambia mbuzi wamepandishwa juu ya kitanda na yeye analala nao. Alisema kama jambo la kufurahisha. Kisha akauliza, sauti imeshuka, kama naijua njia. Nikasema naijua. Simu ikakatika na tangu hapo haipatikani. Chaji imeisha. Itakuwa chaji.

Mipira imefika. Jude amefunga springi mpya za kadiri yake, shokapu mpya, mipira ndani, akajaza pumzi kidogo kidogo huku akichungulia kutoka mbali mpaka gari na trela vikakaa mstari mmoja. Tulizunguka Gurei yote. Gari imetulia! Nilitaka kubusu ile mikono yake yenye grisi.

Alinishika bega kabla sijaondoka. "Mimi nimepima boti na injini yake na petroli, basi. Boti iende tupu, madam. Mkiweka vitu, mimi haiko." Nikaapa. Thiik naye akaapa, kwa jina la mama yake.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimerudi kutoka kununua petroli nikakuta uwanja wetu umejaa watu. Shangazi zake Thiik, binamu, watu wa kanisa, watu nisiowajua hata sura. Kila mmoja na gunia. Unga, mtama wa dura, maharage, chandarua, maturubai. Habari imezunguka Juba kwamba gari ya Thiik inakwenda nyumbani, na hapa gari ikienda nyumbani si yako tena. Unabeba cha kila mtu. Kila gunia limeandikwa jina la mama fulani, la mjomba fulani, kwa kalamu nzito.

Nikamvuta Thiik jikoni, nikamkumbusha Jude, nikamkumbusha kiapo. Anajua. Akaniuliza amchague nani wa kumrudishia gunia lake, nimwoneshe kwa kidole. Nikasema wote. Akasema basi niende nikawaambie mimi.

Nilitoka. Nilisimama mbele yao. Shangazi mkubwa akanishika mikono yote miwili, akaniita binti yangu, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikajikuta namwonesha pa kuweka gunia lake.

Mpumbavu! Mpumbavu, Norah.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika ndani ya boti. Boti inayumba, sijui kama nitaweza kusoma hii.

Tuliondoka alfajiri, mimi kwenye usukani, Thiik pembeni, Kuach nyuma. Magunia waliyapanga mbele ya boti, kwa sababu nyuma kuna injini. Uzito wote juu ya gari. Nilihisi usukani umekuwa mwepesi, kama magurudumu ya mbele hayagusi chini. Nikaenda polepole. Baada ya Mangalla, shimo moja tu, si kubwa. Mlio, puu! Mpira wa hewa wa kulia umepasuka. Mkia ukaanguka, tairi likaanza kusaga bodi, moshi.

Nikashuka, sikuongea na mtu, nikapanda botini nikaanza kutupa magunia chini. Kuach akanishika mkono. Shemeji, haya ni ya watu, ukiyaacha njiani umewaambia wafe. Nikamwambia mtoto wa kaka yake pia ni mtu. Akaachia. Niliendelea. Gunia moja likapasuka, unga ukamwagika kwenye lami na nikaukanyaga.

Nilidhani Thiik atanizuia. Alishuka, akaanza kupokea. Alipanga yote kando ya barabara, vizuri, majina yakitazama juu. Hata lile lililopasuka alilifunga kwa shati lake. Kisha akaketi juu yake, kifua wazi.

"Nitakaa nayo mpaka nipate lori," akasema. "Nenda umlete."

Nilimtukana. Nilisema mtoto wake yuko majini na yeye analinda unga. Akakaza fundo la shati. Nilipotazama kwenye kioo alikuwa bado amekaa. Sijui ni mwoga au ni mtu mzuri kuliko mimi, na sina nafasi ya kujua leo.

Kabla hatujaondoka Kuach alitoa pumzi ya mpira wa pili ili pande zote zilingane. Boti ilikuwa nyepesi sasa, springi peke yake ikabeba. Tumefika.

Lami inaingia majini kweli, kama mtu ameikata. Kuach amerudisha trela nyuma hadi majini, boti imeelea, injini imewaka mara ya kwanza. Mungu! Nikapanda. Ndipo wakaja. Wako wengi, wamekaa hapa ukingoni tangu jana, maana waliambiwa kwa simu kutoka Juba kwamba magunia yao yanakuja na mke wa Thiik. Wamechungulia ndani ya boti. Wamenitazama mimi. Hakuna aliyepiga kelele, ningependa wapige.

Mama mmoja ameshika kamba ya boti, ameizungusha mkononi. Kuach ameshuka kuzungumza nao kwa Kijieng, lugha yao, muda mrefu, ananyoosha mkono kule tulikotoka. Namsikia akitaja jina la Thiik. Mama haachii. Ana watoto wake kule kule aliko Nyanut, Kuach ananiambia, wawili. Anataka kujua jambo moja tu: nilipokitoa chakula chao botini, nafasi iliyobaki niliiweka kwa ajili ya nani.

Nimejibu kwa Kiswahili. Nimesema, "Mtoto wangu."

Kuach bado hajamfasiria. Amesimama majini hadi magotini, ananiangalia, na yule mama anamwangalia yeye.