Swali la Kumi na Moja

Mama,

Nakuandikia nikiwa hapa Kawangware, kwenye ile meza uliyosema ina mguu mmoja mlevi. Niliuwekea kipande cha tairi, sasa imetulia. Karatasi za wanafunzi zimejaa hadi kitandani, jua limeingia dirishani, na mimi sina haraka. Ni miezi minane tangu tukurudishe nyumbani kando ya ziwa kukuzika, na leo ndiyo mara ya kwanza naweza kukuandikia bila kulia. Au nilidhani hivyo.

Bado nafundisha. Asubuhi sayansi ya siasa, mchana mbinu za utafiti, saa ambayo wanafunzi wameshiba na macho yanawafunga. Unakumbuka ulivyokuwa ukijigamba kwa wateja pale kwenye kioski chako cha maji, mtaani Mashimoni, kwamba mwanao anafundisha watu wazima kuuliza maswali? Na Mama Mwende, jirani yako aliyetoka Kitui, anakujibu, "Kuuliza maswali hata huyu wangu mdogo anajua, na hakuna mtu anamlipa." Mlicheka mpaka mtungi wa mteja ukafurika.

Sasa Mama, nina kesi na wewe.

Ule utafiti wa shahada yangu ya pili, niliowahoji wakazi wa Mashimoni nilipokuwa nalala kwako. Kila jioni tukila omena uliniuliza, "Nyathina, mwanangu, kesho utawauliza nini?" Nami kwa maringo nikakusomea maswali yote, moja baada ya jingine. Nilidhani unapenda elimu. Kesho yake nikizunguka ploti hadi ploti, watu walinijibu bila kusita, wengine hata kabla sijamaliza swali. La kumi na moja lilikuwa hivi: ukipata shida, unamwendea nani kwanza? Karibu wote walisema chifu. Nikaandika kurasa na kurasa kuhusu imani ya wakazi kwa utawala, walimu wangu wakasifu, na kwa kazi hiyo nikapewa darasa la kufundisha.

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu Mashimoni waulize maswali yaleyale, tuone miaka imebadilisha nini. Kwa Mama Mwende nilibisha mwenyewe. Alikuwa anachagua maharagwe. Akaniangalia, akasema, "Sasa Ochieng', unataka yale majibu mama yako alitufundisha, ama leo tuseme yetu?"

Nilikaa kwenye kibao chake bila kukaribishwa.

Akanieleza yote. Kwamba kila asubuhi uliwasomesha kwenye foleni ya maji: akiuliza hili semeni hivi, akiuliza lile semeni vile. Kwamba uliwaambia mtoto ana mtihani na serikali ndiyo inasahihisha, kwa hivyo kwenye la kumi na moja kila mtu aseme chifu, asije mtu akamwangusha kijana wako. Aliyekosea ulimrudisha nyuma ya foleni. Mama! Mama Mwende alicheka huku akifuta machozi kwa leso. Mimi nilikasirika kwanza, sikufichi. Kisha nikakuona umeshika mpira wa maji, unamrudisha baba mzima na mtungi wake kwa sababu amesahau chifu, nami nikaanza kucheka pia.

Lakini kicheko hakikumaliza mambo. Ningenyamaza, nani angejua? Jina langu lilikuwa mbele ya wakubwa, nipandishwe cheo. Siku tatu nilijitafutia sababu. Mimi ndiye huwaambia wanafunzi kila muhula kwamba mtafiti hafichi kosa lake, na kumbe nyani haoni kundule. Siku ya nne nikaenda kwa mkuu wa idara nikamweleza, nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akasema cheo kitangoja, na niandike waraka wa masahihisho ubandikwe ndani ya nakala iliyo maktaba. Niliubandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasani pia nikasema. Walicheka mpaka wa nyuma wakaamka. Mwanafunzi mmoja wa Riruta, Wairimu, akainua mkono akaomba arudishiwe karatasi zake akaanze upya, maana utafiti wake wote aliufanya akiishi kwa mama yake.

Cheo sikupata mwaka huu. Si neno, usingizi umerudi, na ninafundisha vizuri kuliko zamani.

Wiki iliyopita nikakaa kusoma majibu mapya. Nikafika la kumi na moja. Mmoja anaenda kwa pasta. Mwingine kwa shemeji yake wa mtaa jirani wa Soweto. Mmoja hana mtu. Kwa chifu, wengi walisema, huwa wanaenda wakiitwa tu. Kisha, karatasi baada ya karatasi, kwa hati za vijana ambao hawakukujua kamwe: "Tulikuwa tunaenda kwa mama wa maji, lakini alikufa." "Mama Ochieng', Mungu amrehemu." Mwanafunzi mmoja, ambaye hakuna aliyemwambia umefariki, aliandika pembeni, kwa penseli: "Mwalimu, huyu mama anatajwa sana. Nimemtafuta nimhoji, sijampata."

Hapo nikaweka kalamu chini nikalia. Kumbe jibu la kweli lilikuwa linanisongea ugali kila jioni, na ndilo lililokuwa likiwakataza watu kulitaja. Sikuwahi kuwa na furaha na uchungu kwa wakati mmoja namna ile, Mama.

Nakuahidi hivi. Kazi ile nitaiandika upya yote, na kwenye la kumi na moja nitaandika walichosema wenyewe. Chifu atanisamehe. Na kila Jumamosi nitakuwa nikimpitia Mama Mwende, ambaye sasa ndiye anashika mpira pale kioskini. Juzi nilipojaribu kuingia mbele alinirudisha nyuma ya foleni, nikarudi kwa adabu.

Pumzika sasa, Mama. Mtihani wangu umeusimamia vya kutosha.

Mwanao,
Ochieng'