Miguu Aliyoikanda Shangazi

Kabambare, Jumanne tarehe 11 Machi 2025

Mpendwa kaka yangu Aristote,

Nakusalimu kwa moyo wote. U mzima huko Lubumbashi? Wifi Carine na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, na kwa hilo tu namshukuru Mungu.

Mtandao umekatika hapa tangu juma lililopita. Bulaimu wa pikipiki ataifikisha barua hii Kasongo, aipige picha na kukutumia.

Kaka, ukoo unataka kumfukuza shangazi Célestine. Laura, binti wa baba mdogo Grégoire, hawezi tena kusimama. Nyayo zimelegea, hata mwiba ukimchoma hasikii. Mwanangu Héritier naye ameanza kujikwaa. Unajua shangazi ndiye aliyekanda miguu ya watoto wetu wote kwa mawese walipozaliwa. Basi baba mdogo akasema mbele ya watu: "Kila mutoto mwenye ule mama alipaka mafuta, miguu yake imekufa. Atoke." Kikao ni Jumapili. Ana miaka sabini na miwili. Aende wapi, kwenye machimbo ya Salamabila?

Daktari aliyetupima damu kule Kasongo alinieleza vizuri. Tunarithi mwilini maagizo madogo yanayoitwa jeni. Mojawapo hutuma ujumbe wa kumuumba mtoto tumboni, na akishazaliwa huendelea kuiambia mishipa ya fahamu ijitunze. Kwetu jeni hiyo ina kasoro, basi mishipa mirefu ya miguuni hufa kwanza. Imetoka kwa babu, haikutoka kwenye mawese. Niliwasomea karatasi ya daktari. Baba mdogo alijibu kwamba lisemwalo lipo, akaenda zake kula.

Lakini wewe ulizaliwa Kindu, shangazi hakukugusa kamwe. Na kwenye matanga ya baba nilikuona ukipanda ngazi za kanisa. Ulinyanyua magoti juu mno, kandambili ikabaki nyuma, wala hukujua. Ulipogeuka ukacheka, nami nikacheka ili watu wasikutazame. Nimenyamaza miaka miwili.

Nakusihi, rekodi sauti yako, useme ukweli wa miguu yako. Bulaimu atasubiri Kasongo hadi Ijumaa, kisha atatuletea kwenye simu yake. Nikisema mimi, wanaona mama anayemtetea shangazi yake tu. Ukisema wewe, hawatakuwa na jibu.

Najua wazazi wa mchumba wa binti yako Arlette wanakuja mwezi ujao. Wakisikia ugonjwa uko katika damu yetu, huenda wasirudi. Nimelia sana juu ya hilo, kaka, lakini bado nakuomba. Arlette anaweza kupata mchumba mwingine. Shangazi hana ukoo mwingine.

Nisalimie wifi Carine na watoto wote. Arlette akiuliza ni nani aliyekuomba, mwambie ni mimi, usinifiche. Shangazi anakusalimu. Tangu asubuhi anafunga vyungu vyake.

Mungu akupe nguvu ya kusema.

Dada yako akupendaye hata katika hili,
Emilienne