Redio ya Mahari Imenyamaza

Bi Hosiana mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie maana mimi ni mtu wa mbali, sina baba wala mjomba wa kumuuliza hapa, nimetoka Kasulu, Kigoma, nikaja kukata mkonge katika shamba moja hapa Korogwe na huu ni mwaka wa sita, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikichanganya maneno univumilie, na jina langu usilitoe, hata majina ya wenzangu nimeyabadilisha, kwa sababu gazeti likifika kambini kwetu linasomwa kwa sauti.

Nimechumbia binti wa Mazingara kule Handeni, nimwite Mwaija, tunapendana, na baba yake, Mzee Sadala, ni balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya walikohamia. Nilipokwenda kuuliza mahari nilidhani atataja ng'ombe, lakini mzee akasema, "Ng'ombe nitamlisha wapi hapa, mwanangu, nyumba zimebanana hivi? Niletee redio, watu wangu wa nyumba kumi wasikie habari bila kwenda kusimama nje ya duka." Nikafurahi, nikajinyima karibu mwaka mzima, nikaipata redio, nzuri kabisa, ya betri nne.

Sasa hapo kwenye betri ndipo nilipokosea, na neno hili sijamwambia mtu. Betri zilikuwa zimeadimika, duka la ushirika walituuzia mbili mbili kila mtu, na siku ya kwenda ukweni ilikuwa imefika, basi nikatoa mbili kuukuu kwenye tochi yangu, nikazianika juu ya bati siku mbili kama tunavyofanya kambini zikipungua nguvu, nikazitia pamoja na zile mpya, na redio ikaita vizuri sana. Mzee akaniuliza mbele ya watu, "Betri zote mpya hizi?" Nikasema, "Wallahi, mpya zote." Bi Hosiana, niliapa.

Wiki ya tatu nikaenda kuwasalimu, ilikuwa Jumapili, jioni kuna mpira redioni, ua mzima wa mzee umejaa watu wamekaa juu ya mikeka na vinu, mzee akawasha, redio ikasema krrr kama mtu anayesafisha koo, ikanyamaza. Akazima akawasha, kimya. Nikavuta mlingoti wake wa waya mpaka mwisho, nikaizungusha huku na huku, nikaipiga kofi ubavuni, nikapanda nayo juu ya kichuguu, kimya, hata mkwaruzo hakuna. Bibi mmoja jirani, Swaumu, akasema, "Sadala, mkweo amekuletea kisanduku cha kuwekea sindano!" Watu wakacheka, na mwingine akadakia, "Au redio ya Kigoma, mpaka isikie Kiha ndiyo iitike!"

Kijana mmoja akasema tufungue kifuniko cha nyuma tutazame betri. Zile mbili kuukuu zimechubuka maandishi, mtu yeyote akiziona atajua. Nikairukia ile redio nikasema, "Msiguse! Hapa hapafunguliwi ila na fundi wa Korogwe, mkifungua mtaua mashine." Wakaniamini. Nikaomba niondoke nayo kwenda kwa fundi, mzee akakataa, akasema, "Mahari haitoki nyumbani kwangu ikarudi ilikotoka. Mlete fundi wako hapa." Nani atatoka Korogwe mpaka Mazingara kwa ajili ya redio moja? Akaifunga katika kitambaa alichokidarizi Mwaija, akaining'iniza kwenye uchanja juu ya jiko, pale wanapoweka mahindi ya mbegu yasiliwe na wadudu, na huko ndiko anakoiweka tangu siku ya kwanza kila ikizimwa, kwa heshima yake.

Sasa ni mwezi wa pili. Mzee amesema Ramadhani ikiingia redio haijasema, hakuna ndoa, na fundi cherehani mmoja wa Mkumbara, Semboja, ameshatuma watu kumposa Mwaija. Mwaija amenitumia neno kwa shangazi yake kwamba baba hana ugomvi na mimi, ana ugomvi na redio. Mimi situlii, Bi Hosiana. Mkonge unanichoma mikono kwa sababu macho hayako kazini, nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje. Leo nawaza nikaombe kibarua Hale kwa mtu wa kwetu nisionekane tena, kesho nawaza nipande gari moshi nirudi Kasulu, kesho kutwa nawaza niende Mazingara niibe redio yangu mwenyewe. Nifanye nini?

Mimi mkata mkonge, Korogwe.

*

Mkata mkonge, marahaba. Pole kwa mikono yako na kwa kuwa mbali na kwenu. Pole zimeishia hapo.

Barua yako nimemsomea Kasmiri, anayetengeneza redio jirani na ofisi yetu. Hakungoja nimalize. Alisema betri iliyochoka ukiichanganya na mpya, ile iliyochoka huvuja, na ukizidi kuipa joto huvuja upesi. Wewe umeianika juani, mzee ameiweka juu ya moto. Maji yake yamegeuka unga mweupe na kutu ya kijani kwenye zile springi ndogo, umeme haupiti. Tumbo la redio huenda ni zima kabisa. Kilichoziba ni pale mlangoni, na mlango huo umeufunga wewe kwa mdomo wako. Siku ile ya mpira kijana wa watu alisema neno la akili, ukamtisha. Kila siku unayozunguka kambini ukiwaza Hale na Kasulu, zile betri zinaendelea kula chuma.

Basi usiende Hale. Na ukithubutu kuiba mahari uliyokwisha kuitoa, usiniandikie tena.

Omba ruhusa, nenda Mazingara mchana. Chukua betri nne mpya. Kama duka linatoa mbili, waombe wenzako kambini wakununulie mbili nyingine. Chukua ndimu, kitambaa safi na kipande cha msasa laini. Toa betri zote. Usizishike kisha ukajifuta macho. Springi zipake ndimu kidogo, usimimine, futa, kwangua kwa msasa mpaka ziwe nyeupe, kisha iache redio wazi ikauke vizuri kabla ya kutia betri mpya. Zungusha swichi mara kumi, kumi na tano, huenda masizi yameingia. Tazama pia kama waya wa springi umekatika. Isiposema baada ya hayo, ndipo iende kwa fundi, na mzee mwenyewe afuatane nayo, akae pale pale inapofunguliwa.

Lakini kabla hujagusa kifuniko, kaa chini umwambie Mzee Sadala kwamba betri mbili zilikuwa kuukuu na uliapa uongo. Mwambie mbele ya wale wale uliowaapia, Bibi Swaumu akiwemo. Atacheka, mwache acheke. Na usije ukaanza na moshi wa jiko la mzee. Najua utatamani, maana uchanja unakupa nafasi ya kugawana kosa. Habari ya joto aisikie baadaye, kwa upole, kwa faida ya redio. Wewe anza na betri zako.

Najua unataka kujua kama redio itasema. Kasmiri anadhani itasema, mimi sijui. Ninalolijua ni kwamba mzee huyu alikuuliza swali moja tu, na alikuuliza kwa sababu anataka kujua anampa nani binti yake. Redio ikibaki bubu lakini wewe umesema, ana la kufikiri. Redio ikiimba na wewe umenyamaza, atakuwa amemwoza Mwaija kwa mtu asiyemjua, na Mwaija ndiye atakayeishi na wewe, siyo redio.

Ramadhani haiko mbali. Ndimu hazijaadimika. Nenda.