Mpira Chini ya Sanduku la Kuimba

Ifakara, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Agnesi,

Kabla hata sijakuamkia, acha nitoe lililo moyoni, maana hakuna mwingine niliyemwambia, hata padre. Kwa siku nne nimemdanganya Bwana Sefu, mwenye duka ninayemfanyia kazi. Nilivitoa vipande vya mpira chini ya sanduku lake la kuimba, nikavificha kwenye kapu la nguo chafu, nikanyamaza.

Sasa shikamoo, dada. Mtoto ameanza kutambaa? Kifua cha mama je, na baridi ya huko mlimani? Mimi ni mzima, ila mbu wa huku bondeni hawana huruma, na njia ya kwenda Idete imekuwa tope tupu.

Sanduku lenyewe lina pembe kubwa ya bati, na sindano inayopita juu ya sahani nyeusi, nalo huimba kama mtu. Bwana Sefu huliweka kwenye ncha ya benchi lake refu la mbao, naye huketi ncha ya pili. Mfanyabiashara mmoja wa pwani alimwambia kwamba chombo kama hicho kikikalishwa juu ya mpira hakitikisiki, na sauti husafika. Akanunua mpira kwa watu wanaogema utomvu wake porini, akakata vipande vinne, akaviweka chini yake.

"Sikieni!" akasema. "Sasa ni asali!"

Mimi sikusikia asali. Nilisikia sauti ileile.

Na sindano ikaendelea kuruka juu ya sahani na kukata wimbo, kama ilivyokuwa kabla ya mpira. Bwana akasema mpira unazuia mtikiso wote wa benchi, kwa hiyo kosa ni la mchi wa Mama Paulina, unaotikisa ardhi. Mama Paulina ndiye anayetutwangia mpunga uani. Mumewe aliuawa na askari wa Wadachi katika vita vya Maji Maji, na njaa iliyofuata ikawachukua wanawe. Anakula kwa mchi ule tu.

"Juma hili likiisha, aondoke," Bwana akamwambia mkewe, Bi Zena. Mimi nilikuwa palepale, nafagia.

Ndipo nilipoutoa mpira, nione kama kweli anausikia. Siku ya kwanza Bwana akasifu sauti. Ya pili akasifu zaidi. Ya tatu Mama Paulina alikuwa na homa, hakutwanga hata punje, na bado sindano iliruka mara tano. Nikaangalia vizuri. Wimbo ukimnogea, Bwana hupiga mguu na kujitikisa, na benchi lote hucheza naye.

Unanijua. Shuleni nikiulizwa jina langu nilitazama miguu yangu. Lakini jana asubuhi niliurudisha mpira mahali pake, na mchana nikasema.

"Bwana, tafadhali geukia ukutani. Mimi niweke mpira au niutoe, wewe uniambie."

"Binti wa misheni ananipa mtihani!"

"Geuka, mume wangu," Bi Zena akasema. "Au unaogopa?"

Akageuka. Nikautoa mpira, nikampa Bi Zena. Sahani ikaimba.

"Umo!" Bwana akasema. "Hata kiziwi angejua."

Nikauweka.

"Sasa haumo. Sauti imekauka."

Bi Zena alicheka mpaka akashika tumbo. Tukarudia, akakosea tena. Kisha nikamwomba Bwana aketi mkekani, nikamwomba Mama Paulina aanze kutwanga. Wimbo ukaisha wote huku mchi ukigonga, na sindano haikuruka hata mara moja.

Bwana akavaa kofia yake, akaenda dukani. Nikakunja kanga zangu, nikangoja kufukuzwa. Jioni Bi Zena akaja.

"Yule mama anabaki. Na Bwana anasema mpira nao ubaki. Usiulize."

Sikuuliza. Lakini nimeazimia, dada: nikiona tena mtu anaonewa, nitasema siku ya kwanza, si ya tano.

Nisalimie mama, shemeji, bibi aliyenifundisha kusuka ukili, na katekista aliyenishika mkono nikajua kuandika.

Haya yote yabaki kwako. Najua unachota maji pamoja na dada yake Mama Paulina, nawe hupenda kuzungumza. Nakuomba sana. Jana yule mama alidhani anatwanga tu kama siku zote. Hajui kwamba alikuwa anapigania uji wake, na mimi sitaki ajue kamwe.

Mdogo wako akupendaye,
Teresia